Vitabu Vilivyoandikwa Vijibiwe: Emerson, Thoreau na Wasomaji Wao

Maandishi yaliyotoka katika mji mdogo wa Concord, ulioko kiasi cha kilomita 30 kutoka Boston katika jimbo la Massachusetts, kati ya mwaka 1836 na miaka ya mwanzo ya 1860, yana nafasi ya pekee katika fasihi ya Marekani kwa sababu yaliandikwa kwa namna inayomdai msomaji atoe jibu. Ralph Waldo Emerson na Henry David Thoreau, waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, hawakumtaka msomaji akubaliane na hoja kisha afunge kitabu na kuendelea na shughuli zake. Walimtaka ayapime maisha yake mwenyewe, na hata awapinge wao iwapo dhamiri yake ingemwelekeza hivyo. Kwa hiyo historia ya maandishi hayo haitimii kwa kutaja vitabu na tarehe za kuchapishwa kwake. Hutimia pale wanapoingizwa watu waliovisoma na kuvijibu, baadhi yao kwa mashairi, baadhi kwa kukubali kifungo, baadhi kwa kuingia msituni, na baadhi kwa kukataa waziwazi sehemu ya yale waliyofundishwa.

Mambo matatu hurudi mara kwa mara katika maandishi hayo, nayo ni maumbile, upekee wa mtu na tumaini, na msomaji wa Kiswahili hana budi kuyaangalia maneno haya kwa makini kabla ya kwenda mbali. Neno maumbile, kwa kuwa limezaliwa na kitenzi kuumba, tayari limebeba ndani yake Muumba na kilichoumbwa, na jambo hilo linamweka msomaji karibu sana na Emerson, aliyeuchukulia msitu, mto na nyota kuwa lugha ambayo kwayo Mungu huzungumza na moyo wa binadamu. Neno la pili lina mtego. Anayetafuta neno moja la kutaja fundisho linalompa mtu mmojammoja uzito wa kwanza hujikuta haraka kwenye ubinafsi, ilhali katika mazungumzo ya kila siku ubinafsi ni lawama, na mbinafsi ni mtu mchoyo asiyejali jirani. Emerson hakuwa akiutetea uchoyo. Alichokitetea kiko karibu zaidi na neno nafsi, yaani kile kilicho ndani kabisa ya mtu, ambacho kwa maoni yake hakiwezi kuazimwa kwa baba, kwa kanisa wala kwa umma.

Emerson alizaliwa Boston tarehe 25 Mei 1803, akiwa mtoto wa mchungaji aliyefariki mwaka 1811 na kuiacha familia katika hali ngumu. Baada ya masomo katika Chuo cha Harvard alifuata nyayo za baba yake, na mwaka 1829 akawekwa wakfu kuwa mchungaji wa Waunitaria mjini Boston, yaani Wakristo wanaoshikilia umoja wa Mungu na kulikataa fundisho la Utatu. Mke wake wa kwanza, Ellen, alifariki kwa kifua kikuu mwezi Februari 1831 akiwa na umri wa miaka 19, na mwaka uliofuata Emerson aliacha uchungaji kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu tena kuongoza ibada ya Meza ya Bwana kama waumini wake walivyotaka. Alisafiri Ulaya, akaonana na waandishi aliowaheshimu, na mjini Paris akatembelea bustani kubwa ya mimea na makumbusho yake ya viumbe, ambako mpangilio wa ndege, samaki na madini ulimgusa kwa nguvu ambayo mahubiri yalikuwa yamekwisha kuipoteza kwake. Aliporudi alihamia Concord, na mwezi Septemba 1836 kikatoka, bila jina la mwandishi, kitabu chembamba kiitwacho Nature, yaani Maumbile.

Kitabu hicho kinauliza swali ambalo juu juu ni jepesi, kwamba kwa nini watu wa kizazi hiki waridhike kuujua ulimwengu na Mungu kwa masimulizi ya waliotangulia, wakati jua linalowaangazia ni lilelile lililowaangazia manabii na washairi wa kale. Fikra hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa transendentalizimu, nayo ni imani kwamba upo ukweli ambao binadamu huupata moja kwa moja kwa utambuzi wa ndani, bila kungoja ushahidi wa milango ya fahamu wala idhini ya taasisi yoyote. Marafiki walioishiriki imani hiyo walianza kukutana mwaka huohuo wa 1836, na kuanzia 1840 hadi 1844 walikuwa na jarida lao, The Dial, ambalo mhariri wake wa kwanza alikuwa Margaret Fuller, mwanamke aliyewazidi wengi wao kwa usomi wa lugha.

Insha ya Emerson iliyo mashuhuri kuliko zote ilichapishwa mwaka 1841, na jina lake hutafsirika kwa Kiswahili bila shida yoyote: Kujitegemea. Wepesi huo, hata hivyo, unahitaji tahadhari. Katika Afrika Mashariki neno hili lina historia yake, kwa kuwa Azimio la Arusha la Februari 1967 na waraka wa Mwalimu Julius Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea uliofuata mwezi mmoja baadaye yalilifanya kuwa neno la taifa zima, la kijiji kinacholima chakula chake na nchi isiyoishi kwa misaada. Kujitegemea kwa Arusha ni kwa wengi walioungana. Kujitegemea kwa Concord ni kwa mmoja aliyesimama kando ya wengi ili aisikie sauti yake ya ndani. Emerson aliamini kwamba sauti hiyo, ikisikilizwa hadi mwisho, si ya mtu peke yake, kwani nafsi zote zinachota katika chemchemi moja aliyoiita Roho Kuu, na kwa hiyo anayejitii kwa dhati humfikia jirani kwa njia ya ndani kuliko anayefuata mkumbo. Msomaji aliyelelewa kwa methali isemayo mtu ni watu anaweza kuiona hoja hiyo kuwa nzuri na bado akasita, hasa anapofika mahali ambapo mwandishi ananung'unika kuombwa mchango kwa ajili ya maskini asiohusiana nao. Kusita huko ni haki kabisa. Ni sehemu dhaifu kuliko zote katika insha hiyo, na ukali wake hauondolewi na ukweli kwamba Emerson mwenyewe anakiri palepale kuwa mara nyingine hutoa.

Namna ya uandishi wake ilitokana na kazi iliyompatia riziki. Baada ya kuacha mimbari aliishi kwa kutoa mihadhara katika vyama vya wananchi vilivyokuwa vimeenea katika miji ya Marekani, ambako mafundi, wakulima na walimu walilipa kiingilio kidogo ili wamsikilize msomi kwa jioni moja, na katika maisha yake alizungumza mbele ya hadhira hizo zaidi ya mara elfu moja. Insha zake kwa hiyo zilikuwa hotuba kabla ya kuwa kurasa, na sentensi zake hazipangwi kama mawe ya ukuta, kila moja ikiegemea nyingine, bali husimama mojamoja, kila moja ikimlenga mtu aliyeketi kwenye kiti chake. Wasiompenda wameiita kasoro, na kweli ni vigumu kuufuata mkondo wa hoja kutoka aya hadi aya. Hata hivyo ndiyo iliyowafanya wasomaji wahisi kwamba wanazungumziwa wao.

Wa kwanza kutoa jibu kamili alikuwa jirani. Henry David Thoreau alizaliwa Concord tarehe 12 Julai 1817, katika familia iliyotengeneza penseli, akamaliza Harvard mwaka 1837, na mwezi Oktoba wa mwaka huo akaanza kuandika shajara, yaani daftari la kumbukumbu za kila siku, kwa kuchochewa na swali aliloulizwa, kwa kadiri inavyoaminika, na Emerson. Daftari hilo aliliendeleza karibu hadi kifo chake, likafikia maneno yapatayo milioni mbili. Tarehe 4 Julai 1845, siku ambayo Wamarekani husherehekea uhuru wao, alihamia katika kibanda alichokijenga mwenyewe kando ya Walden, ziwa dogo lililo mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu kutoka katikati ya mji, kwenye ardhi iliyokuwa mali ya Emerson. Kibanda kilikuwa na upana wa futi 10 na urefu wa futi 15, na gharama yake, aliyoiandika kitabuni pamoja na bei ya misumari na chokaa, ilikuwa dola 28 na senti 12 na nusu. Alikaa huko miaka miwili, miezi miwili na siku mbili.

Wapo wasomaji waliokerwa na kitabu cha Walden, kilichotoka tarehe 9 Agosti 1854 baada ya kuandikwa upya mara kadhaa, kwa sababu mwandishi wake hakuwa mbali na watu kama mtu angedhani. Reli ilipita pembeni mwa ziwa, Thoreau alikwenda mjini mara kwa mara, alikula nyumbani kwa wazazi wake, na familia yake iliendelea kumsaidia. Lawama hiyo ina ukweli, na anayesoma sifa za maisha ya upweke anapaswa kukumbuka kazi ya wanawake iliyouwezesha upweke huo. Hata hivyo kitabu chenyewe hakidai kwamba mwandishi alitoroka jamii. Kinadai kwamba alitaka kujua mtu anahitaji vitu vingapi ili aishi, na ni kiasi gani cha uhai wake anakitoa kwa ajili ya kila kitu anachokinunua. Bei ya kitu, kwa hesabu ya Thoreau, hulipwa kwa siku za maisha kabla ya kulipwa kwa fedha. Swali hilo linamhusu anayekopa ili ajenge nyumba kubwa Dar es Salaam au Nairobi kama lilivyowahusu wakulima wa Concord waliozeeka wakilipa madeni ya mashamba yao.

Sehemu ya kitabu hicho ambayo wasomaji wengi huipita haraka ndiyo inayostahili kusomwa polepole na Mwafrika. Katika sura ya wakazi wa zamani, Thoreau anawakumbuka watu waliowahi kuishi katika msitu wa Walden kabla yake, na miongoni mwao wamo Cato Ingraham, Zilpah White na Brister Freeman, watu weusi waliotoka utumwani Massachusetts, ambao mji uliwaachia ukingo wa msitu kwa kuwa ardhi yake ilikuwa duni. Zilpah alisokota nyuzi katika kibanda chake. Freeman, ambaye jina alilolichukua lina maana ya mtu huru, alipanda mitofaa iliyoendelea kuzaa baada ya kifo chake. Upweke ambao Thoreau aliuchagua, wao walisukumiwa. Thoreau hakulisema jambo hilo kwa ukali unaostahili, lakini aliyahifadhi majina yao, na bila kurasa zake huenda yangebaki kwenye daftari za kodi na makaburi tu.

Utumwa ndio ulioyatia maandishi haya kwenye mtihani, na mtihani huo uligusa mbali kuliko Concord. Katika miaka ileile ambayo Emerson alikuwa akiandika juu ya nafsi, wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja kitambaa cha pamba kilichopata kujulikana pwani nzima kwa jina la merikani, kufuatia mkataba uliofungwa kati ya Marekani na Sayyid Said mwaka 1833. Kitambaa hicho kilifumwa katika viwanda vya New England, eneo ambalo Massachusetts ni sehemu yake, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Mtu wa pwani aliijua Massachusetts kwa nguo muda mrefu kabla ya yeyote kumletea kitabu chake, na ndani ya nguo hiyo mlikuwa na swali ambalo waandishi wa Concord hawakuweza kulikwepa, kwamba mtu anajitegemeaje ilhali shati lake limetokana na mgongo wa mwingine. Emerson alikuwa mzito kulijibu. Mwaka 1838 alimwandikia Rais Martin Van Buren kupinga kufukuzwa kwa Wacherokee, watu wa asili wa Marekani, katika ardhi yao, lakini hotuba yake kubwa ya kwanza dhidi ya utumwa aliitoa tarehe 1 Agosti 1844, na siku hiyo aliyepiga kengele kuwaita watu, baada ya wenye makanisa kusita, alikuwa Thoreau.

Mwezi Julai 1846, akiwa bado anaishi Walden, Thoreau alilala usiku mmoja katika jela ya Concord kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa, yaani kodi iliyotozwa kila mwanamume mzima bila kujali mali yake, kwa kuwa hakutaka kuitambua serikali iliyouruhusu utumwa, iliyokuwa pia imeanza vita na Meksiko miezi michache kabla. Kesho yake alitolewa baada ya mtu mwingine kumlipia, inaaminika shangazi yake Maria. Kutokana na usiku huo ilitoka hotuba ya mwaka 1848 na insha ya mwaka 1849, ambayo baada ya kifo chake ilipewa jina linalojulikana leo, la uasi wa kiraia, maana yake kuivunja sheria dhalimu hadharani, bila kutumia nguvu, na kuipokea adhabu yake. Insha hiyo haikutikisa chochote wakati huo. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka huohuo wa 1849 kwa nakala 1,000, kilipuuzwa kiasi kwamba mwaka 1853 mchapishaji alimrudishia nakala 706, akazipandisha mwenyewe hadi chumbani kwake.

Jibu la mshairi lilikuja kwa kelele zaidi. Mwaka 1855 Walt Whitman, mwandishi wa magazeti wa New York aliyewahi kuwa fundi wa kupanga herufi na mjenzi wa nyumba, alitoa kwa gharama yake kitabu cha mashairi 12, Leaves of Grass, yaani Majani ya Nyasi, akampelekea Emerson nakala. Emerson alimjibu tarehe 21 Julai kwa barua ya shukrani iliyojaa heshima, na Whitman, bila kumwomba ruhusa, akaiacha ichapwe gazetini, kisha akaweka maneno yake kwenye mgongo wa toleo la pili la kitabu. Kitendo hicho hakikuwa cha adabu. Lakini nafsi ambayo Whitman aliiimba ilikuwa imekwisha kutoka kwenye chumba cha msomi na kuingia kwa mpiga makasia, kahaba na mtumwa aliyetoroka, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe mshairi huyo alikaa miaka kando ya vitanda vya majeruhi mjini Washington, akiwaandikia barua za nyumbani. Ni vigumu kupata mfano bora wa mtu aliyelichukua fundisho la upekee na kulirudisha kwa watu.

Ama tumaini, ambalo mara nyingi hutajwa kana kwamba Emerson alizaliwa nalo, lilimgharimu. Mwezi Machi 1832, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kumzika Ellen, alikwenda kaburini na kulifungua jeneza lake, tendo aliloliandika shajarani kwa sentensi moja tu. Mwezi Januari 1842, ndani ya wiki chache, kaka yake Thoreau, John, alifariki kwa pepopunda iliyotokana na kidonda kidogo cha wembe, na mtoto wa kwanza wa Emerson, Waldo, akafariki kwa homa nyekundu akiwa na miaka mitano. Insha ya mwaka 1844 iitwayo Uzoefu, aliyoiandika baada ya msiba huo, ni kazi yake iliyo kweli kuliko zote, kwa kuwa ndani yake mwalimu wa kujiamini anakiri kwamba hata huzuni haikumpa alichokitarajia, haikumfikisha popote wala kumfunulia siri yoyote, na kwamba mtu huamka akajikuta katikati ya ngazi ambayo haoni mwanzo wala mwisho wake. Tumaini linalobaki mwishoni mwa insha hiyo ni dogo, la mtu aliyepigwa na kuamua kuinuka tena. Anayesoma Kujitegemea bila kusoma Uzoefu amemsikia Emerson nusu.

Thoreau naye aliufunga Walden kwa taswira ya tumaini iliyotoka jikoni. Ni habari iliyosimuliwa sana New England, ya mdudu aliyetoka katika ubao wa meza kuukuu ya mti wa mtofaa, iliyokuwa imekaa jikoni mwa mkulima kwa miaka 60, kutokana na yai lililotagwa wakati mti ungali hai. Mdudu huyo alisikika akitafuna ubao kwa wiki kadhaa, huenda kwa kuamshwa na joto la chombo kilichowekwa juu ya meza. Kaka aliyefariki hatajwi hapo, lakini anayejua kwamba Thoreau alikwenda Walden ili aandike kitabu cha kumkumbuka John huisoma meza hiyo kwa jicho jingine.

Kimya zaidi ya wote alijibu Emily Dickinson, wa Amherst, magharibi mwa jimbo hilohilo, aliyezaliwa mwaka 1830. Mwaka 1850 rafiki aliyekuwa mwanafunzi wa sheria katika ofisi ya baba yake alimzawadia mashairi ya Emerson, na Emerson alipokwenda kuhutubia Amherst mwaka 1857 alifikia nyumba ya jirani, kwa Austin, kaka yake Dickinson. Dickinson aliandika karibu mashairi 1,800, akachapishiwa machache sana katika uhai wake, na mengine akayashona kwa mkono katika vijitabu ambavyo mdogo wake Lavinia alivikuta baada ya kifo chake mwaka 1886. Shairi lake juu ya tumaini, la mwaka 1861 hivi, wakati vita vilipokuwa vimeanza, linalifananisha na ndege mdogo ambaye dhoruba haimnyamazishi kwa urahisi, na ambaye kamwe hamdai malipo yule anayemhifadhi. Emerson alilitafuta tumaini juu, katika Roho inayowaunganisha wote. Dickinson alilishusha hadi kwenye kiumbe ambacho mtu anaweza kukiua kwa jiwe, na kwa kufanya hivyo alilifanya liaminike zaidi.

Majibu yaliyobadilisha nchi yalitoka kwa watu ambao waandishi hawa hawakuwaona. Mwaka 1907, katika kilele cha mgogoro wa Wahindi wa Transvaal, huko Afrika Kusini, na sheria iliyowalazimisha kujiandikisha kwa alama za vidole, gazeti la Mohandas Gandhi, Indian Opinion, lilichapisha dondoo za insha ya Thoreau juu ya uasi wa kiraia, na mwezi Januari 1908 Gandhi mwenyewe akaingia jela kwa mara ya kwanza. Mara nyingi husemwa kwamba alilipata wazo lake kwa Thoreau, lakini mwaka 1935 alilikanusha hilo, akieleza kwamba upinzani wa Afrika Kusini ulikuwa umeendelea sana kabla insha haijamfikia, na kwamba aliitumia kuwaeleza wasomaji wa Kiingereza jambo ambalo kwa lugha ya kwao aliliita satyagraha, yaani kuushikilia ukweli kwa nguvu. Kanusho hilo lina thamani kuliko sifa, kwa sababu linaonyesha msomaji aliyekutana na kitabu akiwa tayari njiani. Tena deni lilikuwa la pande mbili, kwani Thoreau aliisoma Bhagavad Gita, maandiko matakatifu ya Wahindu, kando ya Walden, na alipowaona vibarua wapatao 100, wengi wao Waayalandi, wakikata barafu ya ziwa hilo katika majira ya baridi ya 1846 na 1847 kwa ajili ya wafanyabiashara walioisafirisha hadi India, aliwaza maji ya Walden yakichanganyika na ya mto Ganges.

Martin Luther King aliisoma insha hiyohiyo akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Morehouse mjini Atlanta, ambako aliingia mwaka 1944 akiwa na miaka 15. Mwezi Desemba 1955, watu weusi wa Montgomery walipoanza kususia mabasi yaliyowabagua, mgomo ulioendelea kwa siku 381, alimkumbuka Thoreau, na katika kitabu chake cha mwaka 1958 alieleza jinsi kumbukumbu hiyo ilivyomsaidia kutambua kwamba walichokuwa wakikifanya ni kuunyima mfumo mwovu ushirikiano wao. Hapo ndipo usiku mmoja wa mtu mmoja jela ulipopata maelfu ya miguu iliyotembea kwenda kazini. Na hapo ndipo pingamizi la methali ya mtu ni watu lilipopata jibu lake, kwa vitendo vya watu ambao hawakuhitaji kuchagua kati ya dhamiri ya mmoja na mshikamano wa wengi.

Upande wa maumbile, msomaji aliyekwenda mbali zaidi alikuwa John Muir, mzaliwa wa Uskoti aliyelelewa Wisconsin. Mwezi Mei 1871 Emerson, akikaribia miaka 68, alifika Yosemite huko California, na Muir, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mbao, akamsihi walale nje chini ya miti mikubwa ya sekwoya. Waliofuatana na mzee huyo walikataa kwa kuihofia hewa ya usiku, na Muir akalala peke yake msituni, akiwa amesikitika kwamba mwalimu wa maumbile ameondolewa kwenye maumbile yenyewe. Katika nakala yake ya insha za Emerson aliandika pembeni maneno ya kubishana naye, hasa pale mwandishi alipoyafanya maumbile kuwa mtumishi wa akili ya binadamu, kwa kuwa Muir aliyaona kuwa na haki yao hata pasipo mtu wa kuyatazama. Alishiriki kuanzisha Sierra Club mwaka 1892, chama cha kutetea milima na misitu, na mwanzoni mwa mwaka 1912, akiwa na miaka 73, safari yake ya mwisho kubwa ilimfikisha Mombasa, akapanda reli hadi Ziwa Viktoria, akaenda kuutazama mto Naili unapoanza safari yake Jinja.

Mahali kilipokuwa kibanda cha Thoreau pana rundo la mawe. Lilianzishwa mwaka 1872, miaka kumi baada ya Thoreau kufa kwa kifua kikuu, wakati rafiki yake Bronson Alcott alipompeleka mgeni kutoka Iowa kuona palipokuwa na nyumba, na mgeni huyo akapendekeza kila anayefika aache jiwe. Whitman aliongeza la kwake mwaka 1881. Mwaka 1945 mtafiti Roland Robbins alichimba karibu na hapo na kuupata msingi wa bomba la moshi, sasa umezungushiwa nguzo fupi za mawe, na wageni wanaendelea kuleta mawe yao, mengine yakiwa yameandikwa maneno kwa wino ambao mvua huufuta.